Damu ya Ndege wa Moto: Aogopaye Kufa Huwa Mwepesi wa Kuua

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya Tarawehe. Mzungumzaji ameyaandika upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwako usiku ule, najua kuna watakaocheka. Niliombwa nizungumze na vijana wenzangu kuhusu mauti na vita, nami nikaja na kitabu cha katuni! Mzee mmoja aliyekaa nyuma alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Namuomba yeye, nawe pia, mnivumilie kidogo. Mkimaliza kusikiliza na bado mnaona ni mchezo wa watoto, basi haki yangu nimeipata.

Kwanza jina. Nikisema manga, wazee wetu hapa pwani hufikiria pilipili manga, au Manga ya Maskati walikotoka babu za wengine wetu. Siyo hiyo. Manga ninayoizungumzia ni neno la Kijapani, nayo ni hadithi inayosimuliwa kwa picha zilizopangwa mraba kwa mraba, ukurasa baada ya ukurasa. Na kwa sisi tuliopitia madrasa kuna jambo la kufurahisha hapo: Wajapani hufungua kitabu chao kutoka kulia kwenda kushoto, kama sisi tunavyofungua msahafu. Wenzetu huhangaika kuzoea. Sisi vidole vyajua njia.

Vijana wengi mwazijua Naruto na Dragon Ball. Humo shujaa hupigwa akafa, kisha baada ya muda karudi, na kila akirudi nguvu zimezidi. Leo nataka kuwaeleza kuhusu manga iliyotangulia hizo zote kwa miaka mingi, ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Kwa Kijapani yaitwa Hi no Tori, yaani Ndege wa Moto. Mchoraji wake ni Osamu Tezuka. Ukimtaja Tezuka, watu husema, "Aah, yule wa Astro Boy," yule mtoto wa roboti. Basi yaishia hapo. Lakini Tezuka mwenyewe aliiita Hi no Tori kazi ya maisha yake, na roboti yule hakupewa sifa hiyo.

Mtu aliyeiona vita kwa macho yake

Tezuka alizaliwa mwaka 1928 katika mkoa wa Osaka. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta mwanafunzi. Siku zile serikali ya Japani ilikuwa ikiwatoa wanafunzi madarasani na kuwapeleka viwandani kutengeneza vifaa vya jeshi, na yeye akapelekwa kiwanda kimoja cha Osaka. Mwezi wa Juni 1945 ndege za Marekani ziliupiga mji ule kwa mabomu ya moto. Kijana yule, umri miaka 16, alikuwa zamu kwenye mnara wa kuchungulia ndege. Bomu likaangukia karibu naye, akanusurika. Aliposhuka akapita kando ya mto Yodo, akaona maiti za watu waliokimbilia huko kutafuta usalama.

Sasa zingatia jambo hili. Watoto wa rika lake walifundishwa shuleni kwamba mfalme wao ni wa kizazi cha miungu, na kwamba kijana kumfia mfalme ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Vijana walipandishwa ndege wakaambiwa wazigongeshe kwenye meli za adui, wasirudi. Halafu vita vikaisha, na tarehe 1 Januari 1946 mfalme akalitangazia taifa kwamba yeye si mungu. Hebu jiweke mahali pa mama aliyempoteza mwanawe kwa itikadi ile. Umwambie nini?

Tezuka alisomea udaktari Osaka, akapata leseni ya kutibu. Mwaka 1961 akapata shahada ya uzamifu katika tiba, na utafiti wake ulihusu seli za konokono wa majini. Mkumbuke konokono huyu, tutakutana naye tena mbele. Lakini mikono yake ilipenda kalamu kuliko sindano, na akaishi kwa kuchora.

Hi no Tori aliianza mwaka 1954. Jarida lililokuwa likiichapisha likafa. Akaianza upya mwaka 1967 katika jarida la COM, nalo likafa. Akaiendeleza kwingine katika miaka ya sabini, na sura kubwa ya mwisho akaichora kati ya 1986 na 1988. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Februari 1989, akafariki kwa saratani ya tumbo, umri miaka 60. Kazi haikumalizika.

Ndege mwenyewe ni nani?

Habari yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kuna ndege anayeishi kwenye mlima wa moto. Akizeeka hujichoma, akazaliwa tena katika majivu yake. Anayekunywa damu ya ndege huyu hafi milele. Basi. Kila sura ina watu wake na zama zake, na katika kila sura kuna mtu anayemtafuta ndege.

Mpango wa Tezuka ulikuwa hivi: sura moja ya zamani sana, inayofuata ya mustakabali wa mbali sana, kisha arudi zamani kidogo karibu, kisha mbele kidogo karibu, mpaka ncha mbili zikutane katika zama za leo. Ni kama watu wawili watembeao pwani, mmoja katokea kaskazini na mwingine kusini, wanakuja wakutane.

Sitawasimulia sura zote. Nitachukua mbili kwa kirefu na mbili kwa ufupi.

Malkia aliyechungulia kioo

Sura ya kwanza, Mapambazuko, iko Japani ya karne ya tatu. Malkia wa nchi ya Yamatai ni Himiko. Huyu si wa kubuni, maana ametajwa katika kumbukumbu za Wachina wa zama zile. Katika hadithi ya Tezuka malkia anazeeka. Akitazama uso wake aona makunyanzi, na hofu yamshika. Asikia kwamba ndege wa moto yuko katika nchi ya Kumaso. Jeshi latumwa.

Usiku Kumaso inavamiwa. Na nani aliyefungua mlango? Ni tabibu mgeni, jina lake Guzuri. Alikuja kijijini akamtibu msichana mgonjwa aitwaye Hinaku, ambaye mumewe alikuwa amekufa akimwinda ndege ili ampatie mkewe damu ya kumponya. Guzuri akamponya kwa dawa tu, bila damu ya ndege. Watu wakampenda, akaozwa msichana. Kumbe yule ni jasusi wa malkia. Kijiji kizima chauawa, abaki mtoto wa kiume aitwaye Nagi, ndugu wa Hinaku, na amiri wa jeshi, Sarutahiko, amchukua mateka.

Hapa hadithi yaanza kuuma. Yule amiri aliyeteketeza kijiji ampenda mtoto, amlea kama mwanawe, amfundisha upinde. Mtoto ana kisasi moyoni. Siku moja ajaribu kumuua malkia, na Sarutahiko amkingia kifua. Adhabu yake ni kutupwa shimoni kwenye nyigu. Anatoka hai, lakini pua imevimba namna ambayo haitarudi tena, na pua ile itaonekana kwa wajukuu zake sura baada ya sura, miaka elfu kwa maelfu.

Je, malkia alipata alichokitaka? Mpiga mishale hodari alimuua ndege, akamleta. Ndege anafika, malkia anakata roho. Hakuonja hata tone. Na nje ya mipaka kuna jeshi jingine linakuja, la wapanda farasi kutoka ng'ambo ya bahari, likiongozwa na Ninigi. Huyu Ninigi katika visa vya kale vya Wajapani ni mjukuu wa mungu jua, ndiye mzizi wa ukoo wa wafalme. Tezuka kamchora kama mvamizi wa kawaida, mwenye farasi na panga, anayeua watu ili achukue ardhi. Kwa mtu aliyefundishwa utotoni mambo niliyowaeleza, kuchora vile mwaka 1967 halikuwa jambo dogo. Nagi na Sarutahiko wapigana na jeshi lile, wafa pamoja kwa mishale, mtoto na aliyemuulia watu wake.

Sasa tuhesabu. Kijiji kimekwisha. Amiri amekufa, mtoto amekufa, malkia naye amekufa. Chanzo ni mwanamke mmoja mwenye madaraka aliyeogopa kuzeeka.

Tausi na kaburi

Sura nyingine iko karne ya 12, wakati koo mbili kubwa za Japani, Taira na Minamoto, zilipopigana vita vya miaka mitano, 1180 hadi 1185. Mkuu wa Taira, Kiyomori, ni mzee. Ajua akifa yeye ukoo wake utaanguka, maana wanawe hawana nguvu. Dawa yake? Aishi milele. Atoa mali nyingi aletewe ndege wa moto kutoka Uchina. Aletewa ndege mwenye manyoya ya kung'aa, na ndege yule ni tausi! Tausi tu. Kiyomori akafa mwaka 1181, na tausi akawa wa kugombaniwa na wakubwa wengine, kila mmoja akiamini atadumu. Tausi hana habari.

Na sura ya Yamato ina mfalme ambaye kidogo ni tofauti. Huyu ataka jina lake lisife. Ajengewe kaburi kubwa kama kilima, na watumishi wazikwe hai pamoja naye. Tena kuna mtawala wa kule Kumaso anayeandika historia ya kweli, basi mfalme amtuma mwanawe akamuue ili ibaki historia ya uongo inayomsifu yeye. Mwisho, waliozikwa hai walikuwa wameonja kidogo damu ya ndege, na sauti zao zikasikika zikiimba chini ya udongo kwa muda wa mwaka mzima. Mfalme aliyetaka kukumbukwa alinyamaza siku ile ile, na wale aliowazika wakaendelea kusikika.

Mtu mmoja asiye na magharibi

Sasa tuende ncha ya pili, sura ya Mustakabali. Mwaka ni 3404. Juu ya ardhi hakukaliki tena. Binadamu wamejichimbia chini katika miji mitano mikubwa, na kila mji watawaliwa na kompyuta kuu. Kompyuta ndiyo iamuayo nani afanye kazi gani, aoe nani, aishi vipi. Watu wamechoka kufikiri, wameiachia mashine.

Kijana Masato, afisa mdogo wa mji wa Yamato, aishi kwa siri na Tamami, kiumbe wa sayari nyingine ajuaye kujigeuza umbo. Viumbe hao wamepigwa marufuku. Aamriwa amuue. Akataa, watoroka wote wawili. Kompyuta ya mji mmoja yataka watoro wakamatwe, kompyuta ya mji wa pili ina hukumu yake, na kila moja imetengenezwa iamini kwamba haikosei. Zabishana. Mbili zisizokosea zikibishana, nani atasalimu amri? Vita vikatangazwa. Mabomu yakalipuka, na miji yote mitano ikaangamia, hata ile isiyohusika na ugomvi.

Ndugu zangu, haya yalichorwa mwaka 1967 na 1968, kompyuta moja ikijaza chumba. Leo kila mmoja wetu ana yake mfukoni, na majeshi ya dunia yanajadiliana ni kiasi gani mashine iachiwe iamue nani apigwe. Sitaongeza neno.

Masato alikuwa amekimbilia kwa mwanasayansi mmoja mzee, mwenye pua kubwa, nadhani mwajua kairithi kwa nani. Hapo ndege wa moto akamtokea kijana na kumpa uzima wa milele. Himiko aliutafuta kwa jeshi akafa bila kuuona. Masato hakuuomba, akapewa, tena kwa kazi maalumu: abaki aitazame dunia mpaka uhai urudi.

Wenzake wakafa mmoja mmoja, kwa sumu ya mabomu. Tamami naye akafa. Masato akajaribu kujiua, jeraha likafunga. Akajaribu tena, likafunga. Siku moja agundua sanduku la chuma ndani yake mtu amelazwa usingizi wa baridi, na maandishi yasema litafunguka baada ya miaka 5,000. Hebu fikiria furaha yake. Akakaa akangoja. Sisi mwezi wa Shaaban tukisubiri kuandama kwa mwezi siku moja tu twaona ndefu! Yeye kangoja miaka 5,000, kwa hamu ya kuongea na mtu mmoja. Muda ukafika, kalifungua. Ndani mlikuwa na vumbi.

Ukurasa ule niliufunga kitabu nikatoka nje. Nilifikiria saumu. Mtu akikwambia, funga lakini magharibi haitaingia, wewe hapo hukufunga, umeshinda njaa tu. Maji ya futari ni matamu kwa sababu adhana ipo. Masato alipewa siku isiyo na magharibi, na kila kilichokuwa na ladha kikamtoka mdomoni.

Na hadithi haikuisha hapo. Miaka mamilioni na mabilioni yapita. Mwili wake waisha, abaki roho tu inayotazama. Uhai waanza tena baharini, wapanda ngazi yake polepole, na safari hii wanaopata akili kwanza si binadamu, ni koa, wale jamaa wa konokono wasiobeba nyumba. Nilikwambia tutakutana nao! Koa wajenga miji. Koa wawa na mataifa mawili. Koa wapigana vita, wamalizana. Koa wa mwisho kabisa, amenasa shimoni, alalamika: mababu zetu walitaka akili ya nini? Lau wangalibaki kutambaa kwenye majani mabichi, tungekuwa hai.

Ukicheka hapo, sikulaumu, nami nilicheka. Halafu kicheko kikakatika.

Baadaye wanakuja binadamu tena, na ukurasa wa mwisho ni mwindaji anayemnyemelea ndege wa moto. Ni yule yule mume wa Hinaku wa sura ya kwanza. Tumerudi mwanzo.

Tujifunze nini?

Nataka kuwa mkweli kuhusu mipaka ya kitabu. Tezuka hakuwa mwenzetu katika dini. Kitabu chake kimejaa fikra za Kibudha za roho kuzaliwa upya, na kuna mahali Masato achorwa karibu kama muumba. Hayo tunayasoma tukijua ni yake, sisi tuna yetu. Vilevile kina picha za vita na nyingine zisizofaa watoto wadogo, kwa hivyo usimpe mdogo wako wa darasa la tatu. Lakini hekima mtu huiokota popote aionapo, na mimi nimeokota mambo matatu.

La kwanza. Chuoni tulibishana usiku kucha chumbani: ungepewa kikombe kile, ungekunywa? Mwenzetu mmoja alisema angekunywa, kwa sababu mama yake ni mgonjwa na yeye ndiye tegemeo la wadogo zake. Tukanyamaza, maana hilo si jawabu la kuchezea. Nikakumbuka kwamba Tezuka naye kalifikiria. Mume wa Hinaku alimwinda ndege kwa ajili ya mke mgonjwa, na hadithi haimdhihaki. Na aliyekuja kumponya yule mke alitumia dawa. Tezuka alikuwa daktari. Kumtibu mgonjwa hakukuwa kosa kwake. Kwa hivyo tofauti iko wapi kati ya mume yule na malkia? Mume alihatarisha roho yake kwa ajili ya mwingine. Malkia alihatarisha roho za wengine kwa ajili yake. Leo kuna matajiri wanaotia mali nyingi katika kuuchunguza uzee. Kampuni ya Google iliasisi Calico mwaka 2013 kwa kazi hiyo. Elimu ile si haramu wala si wazimu. Lakini tuulize swali lile lile: ni nani atakayelipa, na ni nani atakayekunywa?

La pili. Kila sura, anayeogopa kufa hamwendei ndege mwenyewe. Hutuma vijana. Himiko hakupanda mlima. Kiyomori hakuvuka bahari. Na vijana huenda, maana wameambiwa ni heshima. Sisi Wakenya hatuhitaji Mjapani kutueleza hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, waliuawa zaidi ya watu 1,100. Walioshika panga na mawe barabarani wengi ni vijana wa umri wetu, na waliochomewa nyumba ni majirani zao. Tarehe 28 Februari wakubwa wakakaa meza moja, wakatia saini, wakapeana mikono. Alhamdulillahi kwa mkono ule, ulisimamisha damu. Lakini kijana aliyekufa Januari hakuuona. Basi mtu akija kwako na pesa za chai na maneno matamu kuhusu kabila, au chama, au hata dini, muulize kama yeye na mwanawe watatangulia mbele. Akisita, ushapata jibu.

La tatu ndilo nililolipenda zaidi, na wasomaji wengi hulipita. Rudi sura ya kwanza. Volkano ililipuka, na Guzuri na Hinaku wakajikuta wamefungiwa ndani ya shimo refu lisilo na njia ya kutoka. Mwanamke amechungulia jicho la mtu aliyewasaliti watu wake, na hapana mwingine duniani ila yeye. Chuki yake ina haki kabisa. Kwa muda mrefu alitaka kumuua. Lakini alichagua kuzaa, ili watu wa Kumaso wasiishe. Wakapata watoto, wakalea mle mle shimoni. Mtoto mmoja, Takeru, akakua akatazama juu, akaona duara dogo la mbingu, akasema atapanda. Akapanda ukuta wa mawe kwa mikono, akateleza, akapanda. Karibu na ukingo nguvu zikamwishia, na ndege wa moto akatokea. Hakumpa damu. Alimtia moyo tu apande. Akatoka.

Himiko mwenye jeshi na hazina hakuacha kitu. Hinaku aliyefungiwa shimoni aliacha mtu aliyetoka. Mama yule hakuishi milele, wala hakujaribu. Nyinyi dada zetu mliokaa upande ule, na mama zetu walioko jikoni saa hizi, hili mnalijua kuliko sisi. Na msamaha wake tusiufanye mwepesi: kitabu hakisemi Guzuri alikuwa na haki ya kusamehewa. Chasema tu kwamba pale chini, kisasi kingewamaliza wote wawili na duara la mbingu lingebaki halina mtu wa kulitazama.

Sura iliyobaki

Niliwaambia mpango wa Tezuka ulikuwa zamani na mustakabali vije vikutane katika zama za leo. Sura ya leo hakuichora. Hata alipolazwa hospitali aliendelea kuchora hadithi nyingine tatu, zote zikakatikia njiani, na inasimuliwa kwamba mwishoni aliomba aachwe afanye kazi. Mtu aliyechora miaka zaidi ya 30 juu ya watu wanaolia wapewe muda, naye muda ukamwishia na kalamu mkononi. Tofauti ni kwamba yeye muda alioutaka aliutaka kwa kazi, na hakumtuma mtu akamtafutie.

Hi no Tori ilitafsiriwa kwa Kiingereza kuanzia mwaka 2002, juzuu 12. Hazipatikani kwa wepesi, lakini ukiipata azima, soma, kisha mpe mwenzio. Anza na Mapambazuko, halafu Mustakabali, kwa mpango ule ule. Usiruke sura.

Na usiku ule nilipomaliza, yule mzee aliyetikisa kichwa alinyanyua mkono. Nilidhani atanikaripia. Aliuliza: "Kijana, na yule tausi, alikufa vipi?" Nikamjibu, "Sheikh, itabidi ukisome." Watu wakacheka, naye akacheka, na nimeshamkopesha juzuu ya kwanza. Alianza kuifungua kutoka kulia bila kuambiwa.

Mwenyezi Mungu atupe umri wenye kheri, mrefu au mfupi, na asitufanye sababu ya kufupisha umri wa mwingine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.